Phineas Gage, kapita wa baruti mwenye chuma ilipita mu kichwa

Leo tunawaletea maisha ya mtu mmoja mwenye alikufa zamani, mu mwaka wa 1860. Hakuwa mfalme wala jenerali, na hakuandika kitabu hata kimoja. Alikuwa kapita wa ekipi ya kupasua majiwe na baruti. Lakini leo, ukikuta mwanafunzi wa udaktari mwenye alisha kusoma mambo ya ubongo, umuulize jina la Phineas Gage: karibu wote wanalijua. Tumemchagua juu kazi yake inafanana na kazi ya wengi wetu, na juu shida iliyompata inaonekana hata leo mu nyumba za watu wa majiwe, pahali ambapo baba alitoka asubuhi ni yeye, na akarudi akiwa mtu mwingine.

Kijana wa New Hampshire

Phineas Gage alizaliwa mu mwaka wa 1823 ku New Hampshire, jimbo moja la kaskazini-mashariki ya Marekani. Baba yake aliitwa Jesse, mama yake Hannah. Yeye njo alikuwa mtoto wa kwanza, na nyuma yake walifuata wengine wane.

Ile miaka Marekani ilikuwa inajenga njia za gari la moshi kila pahali. Kule kaskazini kuna milima mingi, na gari la moshi haliwezi kupanda mlima sawa mbuzi. Ilikuwa lazima kupasua mwamba ili njia ipite. Mashimo walitoboa kwa mkono, na nyundo na chuma, kiisha wakatia baruti. Gage alijifunza ile kazi, akaijua vizuri sana.

Akiwa na miaka 25 alikuwa kapita. Hakuwa mrefu, karibu metre 1 na sentimetre 68, lakini alikuwa na nguvu na mwili mzuma. Wakubwa wake wa kazi walisema kwamba hawakuwa na kapita mwingine wa kumpita. Alikuwa na akili ya mambo ya feza, alipanga kazi na kuimaliza, na watu wa ekipi walimpenda. Tushike vizuri hapa, ndugu wasomaji, juu tutarudia hii habari mbele kidogo: mtu wa mpango, mtu wa neno lake, mtu wa kupatana na wenzake.

Alikuwa na chombo chake mwenyewe cha kushindilia baruti mu shimo. Fundi chuma mmoja wa jirani alimtengenezea. Ilikuwa fimbo ya chuma yenye urefu wa sentimetre 110, unene wa sentimetre 3 na kidogo, na uzito wa kilo 6. Upande mmoja ilichongwa ikawa na ncha sawa mkuki. Ile ncha, wanganga walisema nyuma, pengine njo iliokoa maisha yake.

Siku ya 13 Septemba 1848

Kazi ilikuwa karibu na mji mdogo wa Cavendish, mu jimbo la Vermont, juu ya njia ya kampuni ya Rutland and Burlington. Ilikuwa saa kumi na nusu ya jioni. Wenye kufanya kazi na baruti wanajua taratibu yake: unatoboa shimo, unatia baruti, unatia utambi, kiisha unafunika na mchanga ao udongo, njo unashindilia. Ule mchanga ni kinga. Unazuia chuma isiguse baruti, na unafunga nguvu ya baruti ndani ya mwamba ili ipasue jiwe badala ya kurudi juu.

Ile siku baruti ilikuwa tayari ndani ya shimo. Nyuma yake, watu wa ekipi walikuwa wanapakia majiwe, na kitu kimoja kikavuta macho yake. Aligeuza kichwa ku bega la kuume na akafungua kinywa aseme nao. Inaonekana mchanga ulikuwa haujatiwa bado. Chuma ikagonga mwamba, cheche ikatoka, baruti ikawaka.

Ile fimbo ya kilo 6 iliruka toka shimo sawa risasi. Iliingia ncha mbele, chini ya mfupa wa shavu la kushoto, ikapita nyuma ya jicho, ikapita mu ubongo wa mbele, ikatoka juu ya kichwa. Walienda kuiokota mbali, karibu metre 25 nyuma yake, ikiwa na damu na vipande vya ubongo.

Gage alianguka chali. Mikono na miguu ilitetemeka kidogo. Wenzake walijua alisha kufa. Kumbe, nyuma ya dakika chache tu, akasema. Wakamsaidia, akatembea, akapanda gari la ng'ombe, akakaa wima safari ya kilomita moja na zaidi kufika ku hoteli ambako alikuwa anapanga. Munganga wa kwanza, Edward Williams, alipofika alimkuta ameketi ku kiti inje ya nyumba, anaeleza watu namna mambo yalipita. Munganga hakuamini. Alifikiri labda chuma ilimpiga tu ku uso. Kiisha Gage akasimama, akatapika, na kwa nguvu ya kutapika kipande cha ubongo, karibu nusu kikombe cha chai, kikatoka kichwani na kuanguka chini. Hapo munganga akaamini.

Munganga Harlow

Saa kumi na mbili ya jioni akafika munganga mwingine, John Martyn Harlow. Alikuwa kijana, munganga wa mji mdogo, na hakuwa na jina. Ile wakati hakuna mtu alijua habari ya mikrobi, na dawa za kuua mikrobi mu damu zilikuwa bado hazijapatikana. Harlow aliondoa vipande vya mfupa, akasafisha, akarudisha mifupa mikubwa pahali pake, na akaacha njia ya uchafu kutoka. Hakufunga kidonda kabisa.

Mwanzo Gage alikuwa anajua watu wote na alisema kwamba nyuma ya siku mbili tatu atarudia kazi. Lakini kidonda kikaoza. Kufika mwisho wa Septemba alikuwa amelala sawa mtu mwenye hayuko, hasemi ila akiulizwa, na anajibu neno moja tu. Marafiki wakatayarisha sanduku la maiti na nguo za kumzika. Harlow hakukubali. Alipasua ngozi ku paji la uso, usaha mwingi wenye harufu mbaya ukatoka, na mgonjwa akaanza kurudi. Mu Oktoba alisimama. Mwisho wa Novemba, wiki kumi kisha ile ajali, alirudi kwa wazazi wake.

Jicho la kushoto lilikuwa limekufa. Ku paji alibaki na kovu. Lakini alitembea vizuri, alisema vizuri, nguvu ilirudi, na akumbuko lake lilikuwa zima. Harlow alisema maneno yanayofanana na ya munganga wa zamani wa Ufaransa, Ambroise Paré: yeye alifunga vidonda tu, Mungu njo aliponya.

Kama hadisi ingeishia hapa, ingekuwa hadisi ya kufurahisha. Lakini haikuishia hapa.

Gage hakuwa tena Gage

Gage alienda kuomba kazi yake. Wakubwa wa kazi, wale wale walimsifu kuwa kapita wa kwanza, walikataa. Mwili ulikuwa mzima, lakini walisema akili yake ilibadilika sana, hawawezi kumpa ekipi.

Harlow aliandika namna alivyokuwa sasa. Leo anafanya mpango, kesho anautupa na kushika mwingine. Akishauriwa kitu ambacho hakipendi, anakasirika pale pale. Anasema matusi mabaya, yeye mwenye zamani hakuwa na ile desturi. Mara anashika neno na kulikatalia hadi mwisho, mara anageuka. Feza alisha kusahau bei yake: mawe madogo aliyookota alikataa kuyauza hata kwa dola elfu moja. Marafiki wake walisema kwamba yule hakuwa tena Gage.

Tuangalie vizuri ni nini kilipotea. Miguu ilibaki. Ulimi ulibaki. Kukumbuka kulibaki. Kile kilikwenda ni uwezo wa kupanga, kungoja, kujizuia, na kujua ni neno gani linafaa mbele ya nani. Mtu wa inje akimwona ku njia anasema huyu ni mzima. Watu wa nyumba yake njo wanaona kwamba hayuko mzima. Na juu hakuna kidonda cha kuonyesha, wengi wanasema ni tabia mbaya, ao amependa kuwa hivyo.

Boston, New York, na mandoki ya farasi

Mwisho wa mwaka wa 1849, Henry Bigelow, mwalimu wa upasuaji ku Harvard, alimwita Boston. Wanganga wengi walikuwa hawaamini ile habari. Walifikiri ni uongo wa watu wa kijijini. Bigelow alimpima, akamwonyesha kwa wenzake, wakakubali. Lakini Bigelow alitia mkazo ku jambo moja tu: kwamba mtu anaweza kuishi na ile kidonda. Mabadiliko ya tabia hakuyashughulikia.

Gage alipitia vilevile New York, ambako watu walilipa ili wamwone ku nyumba ya maonyesho ya Barnum, yeye pamoja na ile chuma. Ile chuma hakuiacha tena. Alitembea nayo pahali pote hadi kufa.

Lakini kuwa kitu cha kuangaliwa si kazi ya maisha. Akarudi New Hampshire, ku mji wa Hanover, akapata kazi ya kuchunga farasi na kuendesha magari ya kukodisha. Alifanya ile kazi karibu mwaka moja na nusu. Alipenda farasi, mbwa na watoto. Mama yake alisema kwamba alikuwa anawaambia watoto wa ndugu zake hadisi kubwa kubwa za mambo aliyotenda, mambo ambayo hayakutokea, na watoto walicheka sana.

Chile: miaka ya utaratibu

Mu Agosti 1852 Gage aliondoka Marekani, akaenda Chile, mbali sana ku kusini. Akawa mwendeshaji wa gari la abiria la kuvutwa na farasi, juu ya njia ya Valparaíso na Santiago. Ni safari ya zaidi ya kilomita 100, na mara nyingi alikuwa na farasi sita mbele yake.

Hii sehemu ya maisha yake ilisahauliwa mingi, lakini kwetu njo ya maana zaidi. Kuendesha farasi sita si kazi ya mtu mwenye kichwa kimeharibika kabisa. Ni kuamka mapema, kulisha na kufunga farasi, kupakia mizigo, kupokea watu kwa adabu, kuangalia njia, kushika kamba nyingi na kuvuta kila moja kwa wakati wake. Na ku Chile watu wanasema Kihispania, haikuwa luga ya mama yake. Gage alikaa kule karibu miaka saba. Munganga mmoja mwenye alimjua ku Chile alisema nyuma kwamba alimwona mzima wa afya na mwenye akili timamu.

Basi ni namna gani? Harlow alikosea? Hapana. Malcolm Macmillan, mwalimu wa Australia mwenye alichunguza haya maisha miaka mingi, anaeleza hivi: Gage wa 1849 alikuwa kweli amebadilika, lakini Gage wa 1858 alikuwa amepona kiasi kikubwa. Kazi ya farasi ilimpa utaratibu. Kila siku mambo yalikuwa yale yale, saa ile ile, hatua moja nyuma ya nyingine. Kile ambacho ubongo wake haukuweza tena kupanga peke yake, kazi yenyewe ilimpangia. Kidogo kidogo akajifunza tena kujishika.

Vitabu vingi vilitia chumvi mu hii hadisi. Waliandika kwamba alikuwa mlevi, kwamba alipiga watu, kwamba alizurura bila kazi hadi kufa. Wale walimwona na macho hawakuandika hivyo. Mtu mgonjwa wa kichwa, hata kisha kufa, watu wanapenda kumwongezea makosa.

Kifo, na safari ya fuvu

Mu 1859 afya yake ilianza kuanguka. Akaacha Chile, akaenda San Francisco, ambako mama yake na dada yake walikuwa wamehamia. Alipopata nguvu alifanya kazi ya shamba ku Santa Clara. Mu Februari 1860 akapigwa na kifafa. Akabadilisha kazi mara na mara, haridhiki na hata moja. Kifafa kikazidi, na tarehe 21 Mei 1860 akafa, mbele ya mama yake, akiwa na miaka 36. Toka ile ajali aliishi karibu miaka kumi na mbili.

Harlow alikuwa amempoteza miaka mingi. Mu 1866 alipata habari za mama yake, akamwandikia. Familia ikakubali jambo gumu: kaburi lifunguliwe, fuvu litolewe kwa ajili ya masomo ya wanganga. Mu 1868 Harlow alieleza habari yote mbele ya wanganga wa Massachusetts, na mara hii hakuficha mabadiliko ya tabia. Miaka kumi nyuma, munganga David Ferrier wa Uingereza alitumia ile habari kuonyesha kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ina kazi yake. Fuvu na chuma viko hadi leo ku Boston, ku chuo cha udaktari cha Harvard.

Mu 2012 wachunguzi walipima tena ile fuvu kwa njia ya komputa. Waliona kwamba chuma ilipita upande wa kushoto. Iliharibu karibu asilimia 4 ya ganda la ubongo, lakini karibu asilimia 11 ya nyuzi za ndani, zile zinazounga sehemu moja na ingine. Ni kusema, hasara kubwa ilikuwa ku njia za mawasiliano.

Kapita mwenye anakaa nyuma ya paji

Ile sehemu ya ubongo yenye kuwa nyuma ya paji la uso, wanganga wanaiita korteksi prefrontali. Tunaweza kusema ni kapita wa ekipi. Kapita hachimbi yeye mwenyewe. Anaangalia kazi yote, anasema nani aanze na nani angoje, na anazuia yule mwenye anataka kuwasha utambi mbele watu hawajatoka. Woga, hasira na tamaa zinatoka ku sehemu zingine, ndani zaidi. Kapita njo anazipima na kusema: sasa hapana, ngoja kwanza.

Huyu kapita anachelewa kukomaa, hadi karibu miaka 25. Ndiyo sababu kijana wa miaka 16 anaweza kuwa na mikono ya mwanaume na bado anaruka mu hatari bila kuwaza. Pombe inamlegeza kapita. Kukosa usingizi kunamlegeza, na wenye kufanya zamu ya usiku wanajua namna hasira inakuja karibu. Mawazo mazito ya siku nyingi, deni, woga wa kupoteza kazi, msiba, vyote vinamchosha. Akichoka, mtu anashindwa kuanza hata kazi ndogo, mawazo yanazunguka pahali pamoja, neno dogo linawasha moto mu nyumba. Hakuna chuma ilipita mu kichwa chake, lakini ni ile sehemu ile ile inaumia.

Neno letu kwa watu wa majiwe

Tumeandika haya maisha kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni ya kazi. Gage aligeuza kichwa dakika moja, na mchanga haukutiwa. Fimbo ya kushindilia baruti haifai kuwa chuma yenye kutoa cheche. Na kofia ya kazi si ya kuogopa mukubwa wa kazi. Inalinda kapita yule wa nyuma ya paji, na yeye hana mwingine wa kumrithi.

Ya pili ni ya nyumba. Mtu akipigwa ku kichwa, ao jiwe limwangukie, ao aanguke mu shimo, akiamka na kusema vizuri tusiseme mambo yamekwisha. Tumwangalie wiki na miezi. Kama mtu mpole anakuwa wa matusi, kama mwenye kupanga anapoteza feza yote siku moja, kama anaanza kuanguka kifafa, tumpeleke kwa munganga na tueleze ile ajali, hata kama ni ya zamani. Tusikimbilie kusema ni bulozi, tusimtafute mama mzee wa kumshitaki, na tusimfukuze baba ku nyumba kama mtu wa tabia mbaya. Mama wa Gage hakumfukuza.

Ya tatu ni ya tumaini. Gage alipona kwa sehemu, na kile kilimsaidia hakikuwa dawa, juu haikuwako. Kilikuwa kazi yenye utaratibu, wanyama aliowapenda, watu waliokubali kumpokea, na siku zenye kufanana. Leo munganga anaweza kuongeza mengi juu ya haya. Lakini mwanzo ni ule ule: pahali pa kulala, saa ya kuamka, kazi ndogo ambayo anaiweza, na mtu mmoja mwenye hachoki kumngoja. Wakubwa wa kazi walimkataa mu 1849. Mtu wa farasi wa Hanover alimpa kamba za kushika, na ile kamba ikamfikisha Chile.